Faini ya Shilingi Elfu Tano: Uchambuzi wa Msaragambo Uliokwama

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki cha msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyolipwa, wa kutoa tope kwenye ndiva, bwawa dogo la kumwagilia, kilitokea kwenye kitongoji kimoja cha milima ya Upare, wilayani Same. Majina ya kijiji, ya ndiva na ya wahusika yameondolewa, na mambo madogo madogo ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Mwandishi alikaribishwa kwenye vikao vya kamati iliyosimamia kazi hiyo kusaidia kuandika mihtasari. Hakuwa na kura. Kimeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vitongoji na kamati za maji, barabara, shule na zahanati, yaani wote ambao kazi yao inategemea watu kuja bila kulipwa.

Usuli

Asiyeijua ndiva aelezwe kidogo. Ni bwawa dogo la maji ya kumwagilia, limejengwa mteremkoni kwa udongo na mawe, na siku hizi baadhi yamepigwa saruji. Jioni maji ya kijito huelekezwa kwenye mfereji mpaka ndani ya ndiva. Yanajaa usiku kucha, asubuhi mlango unazibuliwa, yanateremka mashambani kwa zamu. Bila ndiva, kijito chenyewe kilivyo chembamba kingewafaa watu watatu wa juu, na wa chini wangebaki kutazama mfereji mkavu. Ndiva nyingi za Upare zilichimbwa na koo zamani, kabla Mjerumani hajafika, na zimeishi hadi leo kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaingia kutoa tope.

Kazi hiyo ndiyo msaragambo. Mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, na anayekuja anakuja na jembe lake. Kwa msaragambo zimechimbwa barabara za milimani, yamejengwa madarasa na nyumba za waganga. Hakuna malipo. Kuna makande kwenye sufuria kubwa saa saba, na kuna kuonekana.

Kitongoji chetu kina kaya kama 90. Kati ya hizo, kama 60 zina mashamba chini ya ndiva. Zilizobaki ni walimu, wenye maduka, vijana wa bodaboda waliopanga, na familia ambazo mashamba yao yako upande mwingine wa mlima. Msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu kamati yenyewe haikuishika.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliporomosha udongo mwingi. Ndiva ikajaa tope mtu anazama mpaka magotini, na karibu na mlango mpaka kiunoni. Maji yaliyokuwa yakitosha nusu siku sasa yalikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Wenye mashamba ya chini walijua kwamba maharage na mboga za kiangazi hazitapona hapo, na Januari 2024 mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano.

Yaliyotokea

Jambo la kwanza lililowapotezea muda lilikuwa siku ya kazi. Wasabato wapo Upare tangu misheni yao ya kwanza ilipoanzishwa Giti, Mamba, mwaka 1903, na kwenye kitongoji hiki ni wengi. Jumamosi ikafutwa. Jumapili ni ya Walutheri na Wakatoliki, ikafutwa. Ijumaa Waislamu wakaomba iachwe. Jumanne ni gulio. Katika siku zilizobaki ikachaguliwa Jumatano, na kila mtu akapumua kwamba dini zote zimeheshimiwa. Aliyesahauliwa ni mtu ambaye Jumatano yuko kazini: mwalimu, muuza duka, kijana wa pikipiki, fundi aliyeshika kazi ya watu. Hakuna aliyewasemea, kwa kuwa wengi wao hata mkutanoni hawakuwepo.

Jumatano ya kwanza walikuja watu 54. Aliyekuwepo atakumbuka mstari wa akina mama wakipokezana makarai kutoka ndani ya ndiva hadi ukingoni, na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu aliyekataa kukaa kivulini akisema, "Mwanangu, ndiva hii ilinilea, acha niitoe matongotongo." Wiki ya pili daftari la katibu linaonyesha 47. Ya tatu 30. Ya nne 26.

Kamati ilikutana usiku, nyumbani kwa mwenyekiti wake. Ajenda ilikuwa moja: watoro. Wakakubaliana faini ya shilingi 5,000 kwa kila kaya isiyoleta mtu. Mtendaji wa kijiji alipopigiwa simu alisema hana pingamizi. Tangazo likasomwa msikitini na makanisani.

Wiki iliyofuata walikuja 38 na kamati ikajipongeza. Fedha zikaanza kuingia.

Halafu likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa chote, ingawa siku hiyo lilichukuliwa kama mzaha. Mwenye duka mmoja alimsubiri mhazini dukani, akahesabu noti mbili za elfu kumi juu ya meza, akasema, "Hii ni Jumatano zangu nne. Niandikie risiti." Mhazini hakuwa na kitabu cha risiti. Akachana ukurasa wa daftari, akaandika "Msaragambo, mwezi mzima, 20,000," akatia sahihi. Mwenye duka akaubandika ukutani kwa gundi, pembeni ya leseni ya biashara.

Kila aliyekwenda kununua sukari au chumvi aliusoma ukurasa ule. Baada ya siku chache vijana wa bodaboda walikuwa wanaambiana kwamba Jumatano ni elfu tano tu, na elfu tano hawakosi kabla ya adhuhuri. Mwalimu mmoja akaanza kumtuma kijana aliyemaliza darasa la saba kwa shilingi 3,000, na kamati, iliyokuwa ikihesabu vichwa na si makarai, ikamwandika mwalimu kuwa amehudhuria. Wiki hiyo walikuja 19, karibu wote wanawake na wazee. Wiki iliyofuata 14.

Yupo mama ambaye hapa tutamwita Mama N. Ni mjane, ana kipande cha shamba chini kabisa ya mfereji. Jumatano nne za mwanzo hakukosa hata moja. Mwanawe alipolazwa hospitali ya wilaya, alikosa mbili mfululizo, akawa anadaiwa 10,000. Aliporudi, mgambo na mjumbe mmoja wa kamati walifika kwake, na kwa kuwa hakuwa na fedha wakaondoka na jembe na karai. Hii ilikuwa Machi, masika yanakaribia, watu wanatayarisha mashamba ya mahindi.

Jumatano mbiu ilipopigwa, wanawake walitoka kama kawaida, majembe begani. Kamati ikawaona wanapanda njia ya ndiva. Walipofika hawakusimama. Walipita ukingoni, wakateremka upande wa pili hadi shambani kwa Mama N, wakamlimia shamba lote mpaka saa nane mchana. Katibu alibaki amekaa juu ya jiwe na daftari lake, pamoja na wazee watatu na kijana aliyetumwa na mwalimu. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepigiwa kelele. Mwenyekiti wa kitongoji aliniambia baadaye kwamba angependelea kutukanwa.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kuilaumu kamati, tuwaangalie walivyokuwa wamekaa. Ni watu saba wasiolipwa senti. Watano wana mashamba chini ya ndiva, na hofu yao ya kupoteza kiangazi ilikuwa ya kweli. Faini haikuwa ngeni pia. Wazee walikumbuka kwamba zamani aliyekosa msaragambo alitozwa, na kesi zake zilisikilizwa hadharani. Walichokifanya ni kile ambacho kamati nyingi zingefanya usiku ule, wakiwa wamechoka, chai imepoa na idadi inashuka kila wiki.

Baada ya siku ya shamba la Mama N, mwenyekiti wa kitongoji alifanya jambo la maana: jioni ile ile alikwenda mwenyewe kurudisha jembe na karai. Hakusubiri kikao. Alimkuta Mama N jikoni, akaviweka mlangoni, akasema, "Mama, hivi ni vyako, na havikupaswa kutoka hapa." Mama N alimkaribisha uji.

Kikao kikubwa kiliitishwa na mtendaji wa kata akaja. Alianza na sheria. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, lakini lazima zipite kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wa miaka 18 na zaidi, kisha ziidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya. Faini hii haikupita popote kati ya hapo. Ilipita kwenye simu. Kwa hiyo haikuwa na miguu, na kuchukua mali ya mtu kwa ajili yake kulikuwa kosa ambalo Mama N angeweza kulifikisha mbele. Mtendaji wa kijiji aliyekubali kwa simu alikuwa amekaa safu ya pili, na aliangalia viatu vyake kwa muda mrefu.

Mjumbe mmoja akaja na pendekezo: basi sheria ndogo itungwe vizuri, na faini iwe ya ngazi. Mwenye duka alipe 15,000, mwenye pikipiki 10,000, wa kawaida 5,000. Nadharia yake haikuwa mbaya. Lakini mzee mmoja aliinuka akasema neno moja tu, "Mbiru," akakaa. Ukumbi ulicheka. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka Same kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kuangalia mali ya kila mtu, na shida yao kubwa ilikuwa: nani anamkadiria nani, na kwa macho gani? Kizazi kilichokwenda Same karibu chote kimeondoka. Neno limebaki, na lilitosha kuiua hoja.

Maamuzi matatu yalifikiwa.

La kwanza, faini zilifutwa na aliyelipa akaruhusiwa kudai fedha yake. Zilikuwa zimekusanywa 235,000. Zilizodaiwa na kurudishwa zilikuwa kama 150,000. Wengine walisema zibaki, zikanunua mifuko minne ya saruji. Mwenye duka alichukua zake zote 20,000, akabandua ukurasa wake ukutani, na tangu siku hiyo hamkopeshi mwenyekiti wa kamati hata kiberiti.

La pili, kaya zisizo na shamba chini ya ndiva ziliondolewa kwenye daftari la ndiva. Badala yake zikapewa njia ya shuleni, iliyokuwa imekatwa na mvua zile zile, ambayo watoto wao wanaipita kila siku. Uamuzi huu ulipingwa sana. Wazee walisema kitongoji ni kimoja na kazi ni moja. Ulipita kwa kura chache.

La tatu lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kukopeshana cha akina mama: tope ligawanywe kwa vipande. Kila kaya ipimiwe sehemu yake ndani ya ndiva, ipewe tarehe ya mwisho, na ije siku inayoitaka. Sababu yake alieleza kwa maneno ambayo niliyaandika hapo hapo: "Mnataka tope litoke au mnataka kutuona Jumatano?"

Matokeo

Masika yalisimamisha kazi Aprili na Mei. Mwanzoni mwa Juni walipima kwa kamba ya katani, hatua nne kwa tatu kila kipande, wakachomeka vijiti, na kila kijiti kikafungwa kitambaa chenye jina. Tarehe ya mwisho ikawa katikati ya Julai.

Ndiva ikageuka mahali pa kazi siku zote. Wasabato walikuja Jumapili asubuhi wakati wengine wako ibadani. Fundi mmoja alichimba kwa tochi ya kichwani baada ya isha. Mwalimu aliyekuwa akituma mtu alikuja mwenyewe Jumamosi mbili na wanawe, ingawa alikuwa mmoja wa walioondolewa kwenye daftari, kwa sababu mkewe alikuwa amekodi shamba la mboga huko chini. Vipande vya wazee wasiojiweza na cha Mama N vilichukuliwa na ndugu wa ukoo na kikundi cha akina mama. Cha Mama N kilikwisha kwa asubuhi moja, na kwa kweli kilichimbwa kupita kiasi. Ukiangalia leo pale pana shimo.

Ilipofika tarehe, vipande sita havikuguswa. Viwili vilikuwa vya watu waliohamia mjini, viwili vya ndugu wanaogombania urithi wa shamba, na viwili vya watu ambao hawakutaka tu. Kamati haikuwafanya kitu. Vijiti vyao viliachwa vimesimama katikati ya ndiva, na majina yao juu ya tope. Mmoja wao alikuja usiku akamaliza chake. Mwingine hajaja mpaka leo.

Kiangazi kile maji yalitosha mpaka mashamba ya chini, si kila siku, lakini yalifika. Ukuta unavuja upande wa kusini. Njia ya shuleni ilikwisha nusu ya kwanza vizuri, nusu ya pili ovyo.

Uchambuzi: faini ilivyogeuka bei

Kibarua wa kulima eneo lile alikuwa analipwa shilingi 7,000 kwa siku. Kijana wa pikipiki siku ya kawaida anapata zaidi ya hapo. Faini ya 5,000 basi ilikuwa chini ya thamani ya siku ya mtu. Kamati ilidhani imeweka adhabu. Kwa hesabu ya mwenye duka, imeweka punguzo.

Lakini kusema "wangeweka 20,000 ingefanya kazi" ni kurahisisha mambo. Kilichobadilika si hesabu peke yake. Kabla ya faini, asiyekuja Jumatano alikuwa na deni lisilo na kiasi. Alilibeba akienda gulioni, akipita mbele ya wenye matope miguuni, na alitafuta namna ya kulilipa: analeta maharage ya makande, anakuja Jumatano inayofuata mapema kuliko wote, anatoa udhuru hata kabla ya kuulizwa. Faini ililipatia deni hilo jina na kiasi. Ukishalipa, umemaliza. Una risiti. Unaweza kupita ukingoni umevaa shati jeupe na kuwasalimu wanaochimba bila aibu, maana mmelipa wote, wao kwa jasho na wewe kwa noti.

Jambo hili limewahi kupimwa kwingine kabisa. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto Haifa, nchini Israel. Vituo kadhaa viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto. Wachelewaji waliongezeka, na faini ilipoondolewa hawakurudi kwenye hali ya mwanzo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitia wasiwasi nilipoiona kamati inafuta faini: je, waliokwisha kununua Jumatano zao watarudi? Wengi hawakurudi Jumatano. Walirudi kwa mlango mwingine, wa vipande, na nadhani iliwezekana kwa sababu kipande hakikuwa mwendelezo wa kazi ile ile. Kilikuwa mpango mpya ambao haukuwahi kuwekewa bei.

Uchambuzi: watoro wa aina tatu

Kamati ilikuwa na orodha moja ya watoro. Ukikaa na daftari lile na mtu anayewajua, unaona orodha tatu zimechanganywa.

Wapo wasioweza kuja siku ile. Hawa walihitaji siku nyingine.

Wapo wasioona faida yake. Kaya 30 hazikuwa na tone la maji ya ndiva. Kuwaita wavivu ni kuwaonea. Hapa sikubaliani na wazee wa "kitongoji ni kimoja," ingawa naelewa wanachokilinda: leo umemtoa mwalimu kwenye ndiva, kesho mwenye ndiva atakataa kujenga darasa kwa kuwa wanawe wamekwisha kumaliza shule. Hofu hiyo ilionekana kwenye njia ya shuleni. Nusu ya pili ilifanywa ovyo kwa sababu wenye mashamba ya ndiva, ambao watoto wao pia wanaipita, walisema kazi yao wameshamaliza.

Na wapo wachache wasiotaka. Hawa ndio faini ilitungwa kwa ajili yao, na hawa ndio hawakulipa wala hawakuja. Wangekuwa watu sita au saba. Adhabu iliyolengwa kwao iliwapita, ikamwangukia Mama N.

Swali lililokosekana usiku ule wa kamati ni dogo. Katibu alikuwa na safu ya "hakuja." Hakuwa na safu ya "kwa nini." Majirani walijua mtoto wa Mama N yuko wodini, nusu ya kitongoji ilikuwa imechanga nauli yake. Habari ilikuwepo, ila haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Uchambuzi: mbona msibani wanakuja

Hoja hii iliulizwa mkutanoni na haikujibiwa vizuri, kwa hiyo nijaribu. Kitongoji hicho hicho, kukitokea msiba, kaburi linachimbwa asubuhi bila mbiu. Vijana wa bodaboda wanaacha pikipiki. Mwenye duka anatoa unga na sukari bila kuandika. Hakuna daftari la mahudhurio wala mgambo.

Jibu rahisi ni kwamba kifo kinatisha. Lipo jingine. Msibani kila mmoja anajua zamu yake itafika, na anajua kazi inapokwisha: kaburi likifukiwa, mmemaliza. Kwenye ndiva tope lilikuwa halina mwisho unaoonekana. Unachimba Jumatano, unarudi Jumatano, kina ni kile kile. Kipande kilimpa mtu ukingo wa kazi yake. Watu walipiga picha vipande vyao vilivyokwisha na kuvituma kwa ndugu zao Dar es Salaam. Hakuna aliyepiga picha Jumatano zile za 26.

Uchambuzi: kilichopotea

Nisije nikakisifu kipande mno. Pamoja na Jumatano yalikwenda makande ya pamoja, nyimbo, na nafasi ya msichana mgeni aliyeolewa juzi kufahamiana na wenzake. Kipande ni kazi ya kaya na kaya.

Halafu vipande havikuwa sawa. Karibu na mlango tope ni la kiunoni, ukingoni ni la kifundo cha mguu, na kamba haipimi kina. Kura ilipigwa, lakini aliyeokota katikati alilalamika mpaka siku ya mwisho, na alikuwa na haki. Walau mara moja mtu alikutwa akitupa tope lake kwenye kipande cha jirani kabla hakujapambazuka. Zilifuata siku mbili za kutosalimiana.

Kubwa zaidi, ukuta hauna kipande. Huwezi kumpimia mtu hatua nne za ukuta, kila mmoja akauziba kwa namna yake. Mifuko minne ya saruji ilikaa stoo kwa wiki kadhaa kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwenye kazi hiyo. Mwishowe ilifanywa kwa haraka na mafundi wawili siku moja, na upande wa kusini ndio huo unaovuja. Kazi hiyo ingefaa siku moja ya pamoja, na mbiu, na sufuria.

Uchambuzi: jembe

Kuna mali ambayo huichukui. Kamati ilifikiri jembe ni kitu chepesi, cha bei ndogo, kisichoumiza kama mbuzi. Mwezi Machi kwenye kijiji cha wakulima ni kinyume chake. Na mwanamke aliyeporwa jembe alikuwa amelitumia jembe lile lile kuchimba ndiva yao Jumatano nne. Wanawake hawakuhitaji kikao kulielewa hilo.

Kurudishwa kwake jioni ile ile, kwa mkono wa mwenyekiti na si wa mgambo, kuliokoa mambo mengi. Lingesubiri kikao, naamini kikao kisingekuwa na wanawake.

Yaliyobaki mezani

Rasimu ya sheria ndogo ya ndiva iliandikwa ili ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji na kisha wilayani. Inataja vipande kwa ajili ya tope, na siku mbili za msaragambo wa wote kwa mwaka kwa ajili ya ukuta na mlango, moja Jumapili mchana na nyingine Alhamisi. Wa katikati watapimiwa hatua tatu kwa mbili badala ya nne kwa tatu. Daftari litakuwa na safu ya udhuru, na udhuru wa hospitali au msiba hautahitaji ushahidi.

Kuhusu faini kamati haijakubaliana. Waliobaki na msimamo wa kutoza wanasema asiyemaliza kipande akatwe zamu ya maji, maana huko hakuna risiti ya kununua. Wanaopinga wanauliza nani atakwenda saa kumi na moja alfajiri kuziba mfereji wa jirani yake. Mwenyekiti wa kamati ameomba kupumzika na nafasi yake haijapata mtu. Mama N alipendekezwa awe mjumbe, akajibu kwamba atachimba, lakini kukaa meza moja na katibu bado.